Dhamana ya ‘maisha’ ni maisha ya nani?

Fedha za pamba zikiingia, wakulima wa Bariadi, Itilima na Maswa hununua paneli za sola, betri na mabomba ya kunyunyizia dawa. Baadhi huambiwa bidhaa ina “dhamana ya maisha”. Ni vema wakauliza: maisha ya mnunuzi, ya bidhaa au ya duka?

Watengenezaji wengi wa paneli hutoa dhamana ya miaka 25, lakini ya betri huwa fupi zaidi. Hata hiyo ya miaka 25 haimfai mkulima ambaye duka limefungwa na risiti hana. Jasho la msimu mzima limekwenda.

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu dhamana, na Tume ya Ushindani ipo. Tatizo ni ushahidi: ahadi ya mdomo haina mhuri.

Mnunuzi adai risiti na kadi inayoonyesha tarehe, namba ya bidhaa, muda wa dhamana na nani atalipia matengenezo na usafiri. Mfanyabiashara naye asiahidi asichoweza kutimiza. Mteja aliyedanganywa harudi, na jirani zake pia. Mali bila daftari hupotea bila habari.