Nyumba Ipandayo Ngamia

Sisi makarani tuhamishwapo hulilia lori, na makabati yetu huvunjika njiani. Watazameni Wagabra wa Marsabit, wale wangali wakihamahama kando ya jangwa la Chalbi. Nyumba yao ni fito zilizopindwa, zikafunikwa mikeka na ngozi. Mwenye nyumba ni mke. Yeye huijenga, naye huibomoa. Siku ya kuhama, fito hizo hizo hufungwa juu ya ngamia zikawa machela yenye kivuli, wakapanda watoto wadogo. Uliokuwa mti wa paa alfajiri, adhuhuri wamkinga mtoto na jua! Mzigo wa ziada huachwa. Mimi mwaka jana nilihama na meza nne. Mke wangu akaniuliza ni za kazi gani, nikakosa jibu.