Jerikeni la Daraja Mbili na Kiwanda cha Changamwe

Wapwani wenzangu, majuzi nilimsindikiza shemeji yangu Kisii. Yeye huchukua ndizi na parachichi huko akazileta Kongowea, na safari hii dereva wake alikuwa mgonjwa, akaamua kuendesha lori mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kumzungumzisha asisinzie. Kutoka Mombasa ni kilomita 800 hivi, kwa hiyo mazungumzo yalitosha mpaka tukaanza kurudia.

Tulifika soko la Daraja Mbili asubuhi. Shemeji alipokuwa akivutana bei na watu wake wa ndizi, mimi nikajipitisha upande wa vyombo. Mama mmoja alikuwa amepanga ndoo, mabeseni, kamba za manila, maturubai na jerikeni za kila saizi. Aliposikia Kiswahili changu akacheka. "Baba, wewe ni wa Mombasa. Basi hili ni la kwenu." Akanionyesha jerikeni la njano la lita 20, lile la mafuta ya kupikia, limeoshwa likauzwa tena la kutekea maji. Nikamwuliza, na haya mapya je? Nairobi. Mabeseni? Nairobi. Kamba? Nairobi.

Jibu hilo lilinikaa kichwani mpaka Mtito Andei. Kila kitu alichouza mama yule ni mtoto wa mafuta na gesi. Mafuta ghafi yakisafishwa hutoa petroli, dizeli na mafuta ya taa, na hutoa pia nafta. Nafta ikipikwa kwa moto mkali, au gesi ikifanyiwa hivyo, hupatikana hewa ambazo hugeuzwa kuwa punje ndogo za plastiki, kama mchele. Punje hizo huyeyushwa zikawa ndoo au gunia. Mbolea ya urea anayotia mkulima wa Kisii kwenye mahindi na majani chai nayo hutengenezwa kwa gesi. Mitumba ya polista iliyorundikwa ng'ambo ya pili ya soko ni ya ukoo huo huo. Karibu vyote hivi huingia nchini kupitia kwetu, Kilindini, vikatupita.

Kwetu Changamwe tuna lawama ya zamani: wametufungia kiwanda. Mimi nimekua nikiuona usiku ule moto wa mnara wa kiwanda cha kusafisha mafuta, na ulipozimika nilihuzunika kama wengine. Lakini tukisema ukweli, kiwanda kile hakikuuawa na mtu kwa usiku mmoja. Kilianza kazi 1963, kikaongezewa sehemu ya pili 1974, na kwa miaka mingi kiliishi kwa sababu sheria iliwalazimisha wauzaji wa mafuta kuagiza sehemu ya mafuta yao yakiwa ghafi yapitie pale. Wakilipa ada ya kusafishiwa, kiwanda kinapata chake, na kama mashine ni kuukuu na petroli inatoka kidogo kuliko inavyofaa, hasara inahamia kituoni, kwa mwenye matatu na mwenye bodaboda. Mtu wa Daraja Mbili alikuwa akichangia mishahara ya Changamwe bila kuulizwa.

Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ikanunua nusu iliyokuwa ya Shell, BP na Chevron, nusu nyingine ikiwa ya serikali. Ahadi ilikuwa kukifanya kipya kwa zaidi ya dola bilioni 1. Kabla ya hayo, Julai 2012, utaratibu ukabadilishwa: kiwanda kinunue mafuta ghafi chenyewe, kisafishe, kisha kiuze kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Wauzaji walipata petroli iliyosafishwa ng'ambo kwa bei nafuu kuliko ya Changamwe, na bidhaa zikakaa matangini. Septemba 2013 usafishaji ukasimama. Washauri walisema upanuzi haulipi, Essar ikaomba kuondoka, na 2016 serikali ikalipa dola milioni 5 kuichukua nusu ile. Leo mahali pale ni matangi, chini ya kampuni ya bomba la mafuta, KPC.

Kwa hesabu ya biashara, kiwanda kilichoishi miaka 50 kilianguka ndani ya takriban mwaka mmoja tangu wateja wake wawe na hiari. Nasema hivi nikijua wapo watakaonikasirikia, na baadhi yao ni majirani zangu.

Kuna kisa kingine ambacho vijana wetu hawakijui, na wazee hawapendi kukisimulia: Ken-Ren. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya iliungana na kampuni ya N-Ren ya Marekani kujenga kiwanda cha mbolea hapa Mombasa. Wajenzi na mitambo walipatikana Ubelgiji na Austria, na mikopo ikatoka huko huko, serikali yetu ikiwa mdhamini. Kiwanda hakikuzalisha hata gunia moja. Kampuni ilifilisika, lakini dhamana haifilisiki. Mabishano yake yalifika hadi London, katika mahakama ya Baraza la Malodi, mwaka 1994, na Wakenya waliozaliwa baada ya mradi kufa wameendelea kuulipia deni. Wakati wote huo mkulima wa Kisii alinunua mbolea ya meli. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000, mpaka serikali ikaingiza ruzuku likauzwa 3,500, na mwaka uliofuata 2,500.

Kwa nini wenzetu wamefaulu? Saudia waliunda kampuni yao ya kemikali, SABIC, mwaka 1976. Gesi iliyokuwa ikitoka pamoja na mafuta walikuwa wakiichoma hewani. Wakaikusanya, wakaipeleka Jubail ikawa malighafi ya bei rahisi mno. Plastiki yao ikawa rahisi tangu mwanzo. Ethiopia, Agosti 2025, walitia saini na Dangote kujenga kiwanda cha urea Gode kwa dola bilioni 2.5, na hesabu yao imekaa juu ya gesi yao ya Calub na Hilala. Kama kitajengwa au la, hiyo ni habari ya kesho, lakini angalau gesi ni yao. Na Dangote huyo huyo, kiwanda chake cha Lagos kinasafisha hadi mapipa 650,000 kwa siku katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 200 na mafuta ya kwao. Changamwe uwezo wake wa kwenye karatasi ulikuwa mapipa kama 70,000. Biashara hii inahitaji kimoja kati ya viwili: malighafi rahisi ya kwako, au soko kubwa la kwako. Ken-Ren haikuwa na cha kwanza wala cha pili.

Msomaji ataniambia, Turkana je? Mafuta ya Turkana yaliletwa kwa malori mpaka Changamwe, na Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa 200,000, ikapakiwa Kipevu kwenda ng'ambo. Yalihifadhiwa wapi kabla ya kupakiwa? Katika matangi ya kiwanda kile kile kilichozimwa. Mafuta yetu yalilala nyumbani kwetu yakaamka yakaenda kusafishwa kwa watu. Nilipolijua jambo hilo nilicheka kicheko kisicho na furaha. Hata hivyo, mafuta yale yana nta, huganda yasipopashwa moto, na kiwanda cha 1963 hakikuundwa kwa ajili yake.

Kwa hivyo sisi wa pwani tutake nini? Siasa za 2027 zimeshaanza kunukia, na sina shaka kuna mtu atasimama Changamwe kutuahidi kiwanda kipya cha kusafisha mafuta. Tutapiga makofi. Mimi ningependa tumtazame mama wa Daraja Mbili kwanza.

Jerikeni lake la njano limefikaje kule? Halikupelekwa na sera ya plastiki. Mafuta ya mawese yanakuja kwa meli, yanasafishwa Mombasa na Kilifi, na kwa kuwa lazima yatiwe kwenye chombo, chombo kikapata kiwanda karibu. Mafuta yakaenda Kisii kwa sababu watu wanayataka, plastiki ikadandia. Mteja alikuwepo kabla ya mashine. Hiyo ndiyo njia ya pwani iliyofanya kazi bila kulazimisha mtu, na haikuhitaji dhamana ya serikali kwa benki za Ulaya.

Gesi ya kupikia nayo imefuata njia kama hiyo. Kiwanda cha Changamwe kilipokufa, watu hawakukosa gesi. Gati na matangi ya watu binafsi Mombasa yakajaza pengo, na Februari 2023 jiwe la msingi la ghala jingine la tani 30,000, la Taifa Gas, likawekwa Dongo Kundu. Kodi ya VAT ya asilimia 16 iliyowekewa gesi Julai 2021 ilipunguzwa hadi 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa 2023, na soko likapumua. Lakini tazama tena: meli inashusha, matangi yanajaa, malori yanaondoka. Mtungi wenyewe wa chuma, valvu yake, mpira wake, tunatengeneza vingapi hapa? Watu wa ghala ni wachache sana ukilinganisha na watu wa kiwanda, hata kiwe kidogo.

Na hapa lawama yetu ina haki yake, siikatai. Punje za plastiki huja kwa makontena. Mwaka 2019 ilitoka amri mizigo ya kwenda bara ipande reli ya SGR ikatolewe ushuru Nairobi. Kwa miaka mitatu, mwenye mashine ya kutengeneza mabeseni alikuwa na kila sababu ya kuiweka Nairobi. Mabeseni mengine yakateremka tena kuja kuuzwa kwetu, yamepita bandari yetu mara ya kwanza yakiwa punje. Septemba 2022 amri iliondolewa. Amri huondoka siku moja, lakini viwanda, maghala na mafundi waliohama hawarudi kwa tangazo.

Ningekuwa na nafasi ya kumkalisha kiti mgombea yeyote, nisingemwuliza juu ya bilioni. Ningemwuliza kijana wa Jomvu mwenye mashine moja ya kufinyanga plastiki atapata wapi kiwanja Dongo Kundu, au ekari 3,000 zile ni za wawekezaji wa ndege tu? Umeme wake utakuwa bei gani? Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 28 Agosti 2017, kwa tisho la faini ya hadi shilingi milioni 4, wakusanyaji wa chupa wa Mwakirunge wamezidi kuwa wengi; nani ananunua chupa zao, na kwa nini zisisagwe hapa hapa zikawa punje badala ya kupakiwa lori? Punje za chupa kuukuu ndiyo malighafi pekee ya plastiki ambayo pwani inayo bila kuagiza.

Na akija mwenye mradi mkubwa, tumwulize maswali mawili kabla ya ngoma: malighafi unatoa wapi, na ukishindwa nani analipa? Kama jibu la pili ni serikali, basi tunajua ni nani.

Shemeji alipomaliza kupakia alinikuta bado naongea na yule mama. Akanunua jerikeni mbili za njano, maana maji Mikindani ni ya kupimiana siku hizi. Nikamwambia Kongowea zipo. Akasema hizi ni nzito zaidi. Zilirudi Mombasa juu ya ndizi, na njiani hakuna kizuizi kilichozitoza chochote.