Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Safari yetu ya bara ilitufikisha Daraja Mbili, soko kubwa la mjini Kisii. Mama mmoja muuza ndizi, mwenyeji wa Nyamira, alitusimulia usiku mkaza mwanawe aliposhikwa na uchungu. Zahanati ya kijijini ilikuwa na muuguzi mmoja tu, na daktari wa hospitali ya karibu alikwisha kuhama. Ikabidi wakodi gari hadi mjini. Mama na mtoto walisalimika. “Safari hii Mungu alitusitiri,” akasema. Mama zetu wa Lamu na Tana River wanaujua usiku kama huo.

Tusiharakishe kumlaumu daktari aliyeondoka. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, migomo imefuatana: ule ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100, na wa mwaka 2024 siku 56. Anayecheleweshewa haki yake, hana nyumba ya staha wala nafasi ya kuendeleza elimu, atakaa kwa lipi?

Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, wakagawanywa katika kaunti. Mwaka 2023 ikatangaza kwamba mkataba hautaendelea. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye huaga.

Dawa ya kudumu i majumbani mwetu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyuo vya udaktari viwapokee zaidi vijana waliolelewa vijijini, kwani hao ndio wenye mwelekeo wa kurejea kuhudumu huko. Wafadhiliwe kwa ahadi ya kutumikia kwao, na makazi yao yatengenezwe.

Basi, wazazi wenzetu, binti apendaye sayansi tusimkatize masomo. Wengi wetu hustahi kutibiwa na mwanamume. Je, daktari mwanamke atatoka wapi ikiwa sote twawazuia wetu? Na daktari akiletwa kijijini, awe wa kabila au dini yoyote, tumfanyie ujirani mwema: tumtafutie nyumba, tumwalike futari, na haki yake tuidai kwa mwakilishi wetu kama tunavyodai maji na barabara.

Mwenyezi Mungu awalinde wazazi wote walio safarini usiku wa leo. Amin.