Usimfungie Mama Taarifa ya Habari

Krismasi iliyopita nilimfungia mama yangu hom thieta sebuleni kwake, Morogoro: risiva ya sauti yenye matundu mengi nyuma kuliko ninayoyahitaji, spika tano na sabufa. Kwa siku nne nilikuwa mfalme wa nyumba ile. Nilipitisha nyaya chini ya zulia, nikapigilia spika mbili ukutani nyuma ya kochi, nikawawekea wajomba filamu ambayo helikopta inapita juu ya vichwa kutoka dirishani hadi mlangoni. Wakapiga makofi. Siku ya tano nikapanda basi kurudi Dar es Salaam, nikimwachia mama rimoti tatu na onyo moja: "Mama, hizi waya usiziguse."

Nikarudi Pasaka. Juu ya risiva kulikuwa na kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa redio ndogo ya betri. Nilipouliza TV ina nini, mama aliangalia chini. "Baba, nadhani niliiharibu. Umeme ulikatika, ulivyorudi picha haikurudi. Sikutaka kukusumbua." Hiyo ilikuwa Januari. Kwa karibu miezi mitatu, mwanamke asiyekubali kupitwa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku aliamini kwamba ameharibu kitu cha gharama cha mwanawe, akaona aibu kusema.

Hakuharibu kitu. Niliharibu mimi, na ninaeleza nilivyoharibu kwa sababu najua siko peke yangu.

Kuna njia mbili za kuunganisha vyombo hivi. Ya kwanza ndiyo tunayoipenda sisi wajuaji: king'amuzi, mashine ya filamu na ya gemu vyote vinaingia kwenye risiva, kisha waya mmoja wa HDMI unapeleka picha kwenye TV. Inapendeza kwa macho. Lakini risiva imegeuka kuwa mlinzi wa geti. Umeme uliporudi, king'amuzi kiliamka, TV ikawaka, risiva ikabaki imelala ikingoja mtu abonyeze rimoti yake. Mama alikuwa na kioo cheusi, rimoti tatu, na onyo langu.

Njia ya pili haina sifa. King'amuzi kinaingia kwenye TV moja kwa moja, kama kilivyokuwa kabla hujafika na mabegi yako. TV ndiyo inayorudisha sauti kwenye risiva kupitia waya wa HDMI, kwenye tundu lililoandikwa ARC. Utaratibu huo umo kwenye kiwango cha HDMI tangu mwaka 2009. TV isiyo nao mara nyingi ina tundu la optiko, la ule waya mwembamba unaosafirisha sauti kwa mwanga. Hapo risiva ikilala, ikiungua au ikiuzwa, picha iko palepale, na sauti inarudi kwenye spika za TV, yenyewe au kwa kuchagua mara moja kwenye menyu.

Najua utakachonijibu. Utasema sauti ikipitia TV inapungua ubora. Kwamba optiko na ARC ya kawaida haziwezi kubeba sauti ya Blu-ray bila kuibana, na kwamba si kila TV ina eARC. Ni kweli yote. Basi chomeka mashine yako ya filamu kwenye risiva, na king'amuzi cha mama kwenye TV. Vitakaa kabati moja bila kugombana. Anayesoma habari ni mtu mmoja aliyekaa mbele yako anaongea. Hana helikopta ya kupitisha nyuma ya kochi.

Na tukizungumzia kuongea: katika mfumo wa spika tano na sabufa, sehemu kubwa ya maneno ya filamu hutoka kwenye spika ya katikati. Mimi hiyo niliificha ndani ya kabati, nyuma ya picha ya harusi, kwa sababu iliharibu mpangilio. Sabufa nikaipandisha mpaka vikombe vikatetemeka. Mama aliniambia siku ya pili tu: "Ngurumo nazisikia, maneno siyasikii." Nikacheka, nikasema atazoea. Ana miaka sitini na minane. Alikuwa ananipa ripoti sahihi ya kiufundi, nami nikaichukua kama malalamiko ya mzee.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tumezoea kusema wazee hawaziwezi teknolojia. Mama yangu ameishi kwa cherehani. Anajua uzi unatoka kwenye kibiringo, unapita wapi, unakazwa wapi, unaingia sindano kwa upande gani, na mshono ukikataa anaufuata uzi nyuma hatua kwa hatua mpaka anapata kasoro. Kufuatilia waya kutoka king'amuzi hadi spika ni kazi hiyohiyo. Pasaka ile nilimweleza kwa dakika kumi, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Sasa kwa nini uzi wa picha uliuzungusha kote huko?"

Hakukosa akili. Alikosa kuelezwa. Na hakuelezwa kwa sababu kutoelezwa kwake kulinifaa: nilibaki mtu wa kupigiwa simu, mwana anayejua, nyumba ikiwa yake na swichi zikiwa zangu. Kiswahili kimetuonya mapema. Kumfungia mtu TV ni kumwekea aitumie; kumfungia mtu mlango ni kumzuia asipite. Neno ni moja, na wengi wetu tunafanya kazi zote mbili kwa siku moja, kisha tunadai shukrani.

Usiniambie kwamba ni TV tu. Kwenye TV ile anasikia mvua imekata barabara ipi na bei ya mafuta imefika wapi. Kumkatia hayo ili wajomba wapige makofi ni ubinafsi, hata ukiufunga kwenye karatasi ya zawadi.

Kwa hiyo, kabla hujapanda basi, fanya jaribio moja. Nenda zima meni swichi, subiri kidogo, iwashe. Rudi ukae kwenye kochi, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Mwenye nyumba awashe TV mwenyewe na apate taarifa ya habari, picha na sauti. Akishindwa, usimsogezee rimoti wala usimwambie abonyeze wapi. Ahirisha safari, chomoa nyaya zako, uanze upya.