MAPAA YA KARTIE INDUSTRIELI YANALALA BURE



Mara hii tunataka kusema juu ya mapaa. Wengi kati yetu tuko na baba, kaka ao mjomba anayetumika katika Kartie Industrieli, hapa Lubumbashi: kusaga mahindi, kuunga vyuma, kutengeneza magari, kuuza samaki wa baridi. Tunazijua siku zile baba anarudi nyumbani saa tano ya asubuhi. Mama hamuulize kitu. Umeme umekatika, na mwenye kulipwa kwa siku hakulipwa. Mwisho wa mwezi njo sisi tunasimama mbele ya ofisi juu ya deni la masomo.

Wapatroni wengine wanawasha mashini ya mazutu. Inaunguruma, inatoa moshi, na feza inaishia ndani ya tanki. Kisha bei ya kusaga inapanda, na mama zetu njo wanalipa bukari.

Tusisahau umeme wetu unatoka wapi. Mabwawa ya Nzilo (1952) na Nseke (1956), kwenye mto Lualaba, yalijengwa kwa ajili ya migodi, wakati mji ulikuwa mdogo. Leo watu ni wengi sana, na wakati wa kiangazi maji yanapunguka. Lakini ni wakati ule ule jua la Katanga linawaka bila wingu!

Kwa hiyo sisi tunasema: wapatroni waweke pano za jua juu ya mapaa ya atelie zao.

Watu watajibu: "Jua linashuka saa kumi na mbili, sherti betri, na betri ni bei kali." Kwa nyumba ni kweli, maana taa zinawashwa usiku. Lakini atelie inatumika mchana. Jua linaingia kazini pamoja na fundi na linatoka pamoja naye. Betri kidogo inatosha, ya kushikilia mashini wakati wingu linapita.

Tufanye hesabu, sawa vile tunafundishwa. Pano moja ya wati 550 inakamata karibu metre karé 2,6. Pano 60 zinaenea juu ya paa la metre karé 160, na nguvu yake ni kilowati 33. Tuhesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, tutoe sehemu moja juu ya tano inayopotea njiani: zinabaki kilowati-saa 132. Mashini ya kusaga ya kilowati 15, ikizunguka saa 6, inakula 90. Basi inabakia kwa friji na taa.

Hatusemi ni kazi rahisi. Feza ya kwanza ni nyingi, hata kama kati ya 2009 na 2020 bei ya pano katika dunia ilishuka karibu sehemu 9 juu ya 10. Kuna pano za uongo sokoni. Kuna onduleri zinazozimika pamoja na umeme wa mji. Patroni aulize mbele ya kununua, asije kulia kiisha. Mota ya kusaga inavuta nguvu nyingi wakati wa kuanza, basi onduleri iwe yenye kuvumilia. Vumbi jekundu linafunika pano, sherti kuosha. Tena huku kwetu, kusini ya ekweta, zinatazama kaskazini.

Asiyeweza peke yake aungane na jirani. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu watu binafsi kutengeneza na kuuza umeme. Goma waliona mfano mwaka 2020, kampuni Nuru ilipowasha kituo cha jua cha megawati 1,3.

Na sisi je? Nani atapanda juu ya mapaa yale kufunga nyuzi? Kama hatujifunze, wapatroni wataita mafundi kutoka mbali, na sisi tutabaki chini tukitazama. Tunaomba walimu wetu wa umeme: paa la atelie ya masomo liwe la kwanza, hata kwa pano mbili tu. Tutajifunza kwa mikono yetu.

Ni mawazo yetu. Mwenye mengine aandike, nafasi iko.

Wanafunzi wa darasa la sita, fani ya umeme