Waraka kwa Matawi Yote: Karani wa Benki Aliyeiongoza Ulaya



Katika mikutano ya matawi yetu hurudiwa kauli kwamba soko la pamoja, sarafu moja na mikataba kati ya nchi na nchi ni mambo ya marais na wenye mitaji, na kwamba kazi ya chama ni mshahara na posho basi. Nawaandikia kuipinga kauli hiyo. Shahidi wangu ni mtu aliyeanzia pale pale tulipo sisi wa kaunta na ofisi za benki: Jacques Delors, Mfaransa aliyekuwa Rais wa Kamisheni ya Ulaya kuanzia Januari 1985 hadi Januari 1995.

Alizaliwa Paris tarehe 20 Julai 1925. Baba yake, majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa mtumishi wa ngazi ya chini katika Banque de France, benki kuu ya nchi hiyo, naye ndiye aliyemsukuma mwanawe aingie humo vita ya pili ilipokuwa ikielekea ukingoni. Delors hakupitia vile vyuo vya wateule ambavyo Ufaransa huchotea mawaziri wake. Alisoma akiwa kazini, saa za jioni, hadi akapata stashahada ya juu ya masuala ya benki. Akajiunga na CFTC, chama cha wafanyakazi chenye asili ya Kikristo, akawa miongoni mwa wanachama waliokitafutia takwimu na hoja za uchumi. Mwaka 1964 wengi katika chama hicho waliamua kiache kufungamana na dini, na jina likawa CFDT.

Hapo naomba mtulie kidogo. Aliyempandisha Delors hakuwa mjomba serikalini. Alipoitwa mwaka 1962 kushughulikia masuala ya jamii katika ofisi ya mipango ya taifa, aliitwa kwa sababu alikuwa mwana chama aliyejua kusoma bajeti. Mwaka 1969 akawa mshauri wa Waziri Mkuu Jacques Chaban-Delmas, mwanasiasa wa mrengo wa kulia. Wenzake wa mrengo wa kushoto walimtazama kwa jicho la shaka, lakini matunda yalionekana. Sheria ya tarehe 16 Julai 1971, ambayo Wafaransa wengi huiita kwa jina lake, ilimpa mfanyakazi haki ya kusomea ujuzi mpya ndani ya saa za kazi, na kila kampuni yenye wafanyakazi 10 au zaidi ikatakiwa kutenga sehemu ya jumla ya mishahara yake kwa ajili hiyo, ikianzia asilimia 0.8. Mtu aliyesoma kwa kujinyima usingizi aliwapigania wenzake wasome mchana, kwa gharama ya mwajiri. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata ni makubwa zaidi.

Uwaziri wake wa fedha chini ya François Mitterrand, kuanzia 1981 hadi 1984, ulikuwa mchungu. Faranga ilishushwa thamani mara tatu, na Machi 1983 serikali ya Wasoshalisti ikaamua kubana matumizi ili ibaki katika mfumo wa fedha wa Ulaya. Wafanyakazi waliumia, na wapo ambao hawakumsamehe kamwe.

Kabla ya kuanza kazi ya urais wa Kamisheni mjini Brussels alizunguka miji mikuu ya nchi wanachama, wakati huo zikiwa 10, akiuliza ni jambo gani wote wangekubali kulisukuma. Ulinzi, hapana. Sarafu, bado. Soko lisilo na vizuizi ndilo lililopita. Juni 1985 Kamisheni ikatoa orodha ya hatua zinazokaribia 300, kila moja na tarehe yake, na mwisho ukawa mwaka 1992. Mkataba uliosainiwa Februari 1986 uliruhusu maamuzi mengi kupitishwa kwa wingi wa kura, ili nchi moja isiweze kukwamisha zote. Mwaka 1989 kamati ya magavana wa benki kuu aliyoiongoza ilichora njia ya kufikia sarafu moja kwa hatua tatu. Ndiyo iliyozaa mkataba wa Maastricht wa 1992, na hatimaye euro.

Delors hakuisahau meza aliyotoka. Mwezi uleule alioingia ofisini aliwakutanisha viongozi wa waajiri na wa vyama vya wafanyakazi katika jumba la Val Duchesse, Brussels. Septemba 1988 alikwenda Bournemouth kuuhutubia mkutano mkuu wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, vyama vilivyokuwa vikiiona Ulaya kama hila ya matajiri, akawaeleza kwamba soko lazima liambatane na haki za kazi. Walisimama kumshangilia. Siku chache baadaye Margaret Thatcher alijibu kwa hotuba kali mjini Bruges.

Lakini tuseme ukweli wote. Soko lilipata sheria na tarehe, ilhali haki za wafanyakazi zilipata, mwaka 1989, tamko lisilo na nguvu ya sheria, ambalo Uingereza ilikataa kulitia saini huku nchi nyingine 11 zikikubali. Mfanyakazi alifika mezani chakula kikiwa kimeshagawanywa, hata pale mwenyeji alipokuwa ndugu yake.

Sisi tuko wapi? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, na kuhama kwa wafanyakazi kumo ndani yake. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa mwaka 2013. Ni matawi mangapi yamewahi kuzisoma? Hapa Tanzania mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Ni nani kati yetu amewahi kumuuliza mwajiri wake, katika mazungumzo ya mkataba wa hali bora, mafunzo ya wafanyakazi wake yako wapi?

Desemba 1994, kura za maoni zikimpa nafasi kubwa ya kuwa Rais wa Ufaransa, Delors alitangaza kwenye televisheni kwamba hatagombea, kwa kuwa aliona hatapata wingi wa wabunge wa kutekeleza aliyoyaamini. Alifariki tarehe 27 Desemba 2023, akiwa na miaka 98.

Ndugu zangu, kila tawi na lichague wanachama wawili vijana wa kuisoma itifaki ya soko la pamoja, kifungu kwa kifungu, na kutueleza kwa Kiswahili chepesi katika mkutano ujao. Makatibu, wekeni dai la mafunzo ndani ya saa za kazi katika kila rasimu ya mkataba wa hali bora mtakayoipeleka kwa mwajiri mwaka huu, na msikubali lifutwe.