Usukani Usioumiza Mikono

Siku hizi baiskeli za milima zimeingia vijijini. Nyingi zina usukani ulionyooka. Vijana huupenda. Husema kuwa usukani uliopinda nyuma ni wa wazee.

Mimi sikubali. Kwa safari ndefu, usukani uliopinda nyuma ni bora.

Jaribu, ndugu. Nyosha mikono mbele bila kuikaza. Viganja vyako hutazamana. Usukani uliopinda hushikwa karibu hivyo hivyo. Usukani ulionyooka hulazimisha viganja kutazama chini. Ukiwa chini kuliko kiti, uzito wa mwili huiangukia mikono. Mshipa wa fahamu wa kiganjani hubanwa. Kidole kidogo na jirani yake hufa ganzi.

Ganzi si jambo dogo. Mkono uliokufa ganzi utakamataje breki mteremkoni, na nyuma umepakia mtoto au gunia la mahindi?

Basi, kabla ya kununua baiskeli, ipande uijaribu. Usukani uwe sawa na kiti, au juu yake kidogo. Viwiko vikunjike kidogo. Usukani ukiwa chini, mwambie fundi aupandishe. Lakini asiipite alama iliyo kwenye shingo ya usukani. Akiipita, usukani unaweza kuchomoka.

Ukiwa safarini, badilisha mahali pa kushika. Pumzika pia.

Tusichague baiskeli kwa macho tu. Mikono ndiyo itakayosafiri nayo.